Senti Moja, Dola Milioni Mbili: Rekodi za Shaba za Kwanza za Marekani

Januari 2015, kwenye mnada wa kampuni ya Heritage huko Florida, senti moja ya shaba iliyopigwa chapa mwaka 1793 ilinunuliwa kwa dola 2,350,000. Katika mnada huohuo senti nyingine, ya majaribio, ya mwaka 1792, ilikwenda kwa dola 2,585,000. Si za dhahabu hizo, wala si za fedha. Ni shaba, madini ya sufuria na nyaya, na siku zilipotoka kiwandani mwaka 1793 senti zilizofanana na ile ya kwanza zilinunua mahitaji ya senti moja tu sokoni.

Marekani ilitengeneza senti kubwa za shaba, pamoja na nusu senti, kuanzia 1793 hadi 1857. Senti hizo zilikuwa pana kuliko shilingi nyingi za leo, kama milimita 26 hadi 29, na nzito mkononi. Wakusanyaji wake ni wengi, lakini wenye wazimu wa kweli ni wale wanaofuatilia miaka ya 1793 hadi 1814. Wana chama chao, Early American Coppers, kilichoanzishwa mwaka 1967, na jarida lao, Penny-Wise. Ukiwasikiliza wakizungumza utadhani wanajadili ukoo: hii ilikuwa ya fulani, akamwachia fulani, ikauzwa mwaka fulani, ikapotea, ikaonekana tena. Kinachoshinda rekodi katika ulimwengu huu mara chache ni umri peke yake au urembo peke yake. Ni sarafu inayojulikana: inajulikana ilitoka muhuri gani wa chuma wa kupigia chapa, imepita mikono ya nani, na imeshindanishwa na dada zake wote waliobaki duniani.

Iliyotangulia zote

Sheria ya kuanzisha kiwanda cha sarafu cha Marekani ilitiwa saini tarehe 2 Aprili 1792, na kiwanda kikajengwa Philadelphia chini ya David Rittenhouse, mwanaastronomia aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Sheria ilitaka senti iwe na shaba ya gramu 17 hivi. Tatizo likaonekana mapema: senti yenye shaba ya kutosha kulingana na thamani yake ni nzito mno, inatoboa mfuko. Henry Voigt, fundi mkuu wa kiwanda, akabuni jawabu la ajabu. Alitoboa kisahani kidogo cha shaba katikati, akakichomekea kijiti cha fedha chenye thamani ya robo tatu ya senti, kisha akakipiga chapa. Desemba 1792 Thomas Jefferson alimpelekea Rais George Washington senti mbili za namna hiyo azione. Wazo lilikuwa zuri, lakini lilidai kazi nyingi mno kwa kila senti, likaachwa. Leo senti hizo zenye kitovu cha fedha ni miongoni mwa vitu vinavyogombaniwa sana minadani.

Ile iliyouzwa kwa dola 2,585,000 ni jaribio la mwaka uleule, huitwa senti ya Birch kwa jina la mchongaji lililoandikwa mabegani mwa mwanamke anayewakilisha Uhuru. Maandishi yake yanamtangaza Uhuru kuwa mzazi wa sayansi na viwanda. Naona hayo ni maneno mazuri kupita yote yaliyowahi kuandikwa kwenye fedha ya nchi ile.

Hata hivyo, kabla ya kiwanda cha serikali kulikuwa na shaba nyingine. Mwaka 1737, huko Connecticut, Samuel Higley, daktari aliyekuwa na machimbo ya shaba, alianza kupiga chapa sarafu zake mwenyewe. Za mwanzo ziliandikwa kuwa ni za peni tatu. Zilizofuata ziliacha madai hayo zikaandika, kwa Kiingereza, maneno yenye maana ya "nipe thamani uitakayo" na "mimi ni shaba nzuri". Ilikuwa shaba nzuri kweli, safi kiasi kwamba masonara waliiyeyusha ili kuchanganya na dhahabu. Ndiyo maana zilizobaki ni chache na karibu zote zimechakaa.

Iliyoishi muda mfupi kuliko zote

Bunge lilipunguza uzito wa senti hadi gramu 13.48 Januari 1793, na kazi ikaanza. Senti za kwanza za kutumika zilitoka mikononi mwa kiwanda kati ya tarehe 1 na 12 Machi 1793. Zilikuwa 36,103, na baada ya hapo muundo ule haukurudi tena.

Upande wa mbele ulikuwa na kichwa cha Uhuru, nywele zikipepea nyuma kama za mtu anayekimbia. Upande wa pili ulikuwa na mnyororo wa pete 15 uliojizungusha duara, pete moja kwa kila jimbo la wakati ule. Aliyechora alikusudia umoja. Watu waliona minyororo. Gazeti moja la mwezi huohuo lilisema mnyororo ni ishara mbaya kwa uhuru, na kwamba yule mwanamke anaonekana ameingiwa na hofu. Katika nchi iliyokuwa ikinunua na kuuza binadamu, mnyororo kwenye fedha haukuhitaji mfasiri.

Kasoro nyingine iliingia kwenye muhuri wa kwanza kabisa. Mchongaji alipanga herufi, akaona nafasi inaisha, akakatisha jina la nchi yake mwenyewe: UNITED STATES OF AMERI. na nukta. Muhuri uliofuata ukaandika jina zima. Senti ya AMERI. iliyokuwa ya Walter Husak, mwenye kiwanda cha vipuri vya ndege huko California, iliuzwa Februari 2008 kwa dola 632,500. Januari 2012 senti nyingine ya mnyororo ilifika dola 1,380,000. Ile ya 2015 iliyotajwa mwanzoni mwa makala haya ni ya muhuri wa mwisho wa mnyororo, unaotambulika kwa nukta moja baada ya neno LIBERTY na nyingine baada ya mwaka. Nukta mbili ndogo kama chembe za mchanga, na mtu akijua kuzitazama anajua yuko na nini.

Baada ya mnyororo likaja shada la majani, senti 63,353. Kisha, mwaka huohuo, ikaja kofia ya uhuru iliyobebwa juu ya fimbo, kazi ya Joseph Wright, mchoraji hodari kuliko wote waliowahi kushika patasi katika kiwanda kile mwaka wa kwanza. Senti zake za 1793 zilikuwa 11,056 tu. Agosti ya mwaka ule homa ya manjano iliingia Philadelphia ikaua watu wapatao 5,000, na Wright akawa mmoja wao.

Ghali zaidi kwa uchakavu wake

Hapa ndipo wageni wa mambo haya hushangaa. Mtu anadhani sarafu ya bei kubwa lazima ing'ae. Septemba 2009 huko California iliuzwa senti ya 1795 ambayo imelika, imefifia, nywele za Uhuru zimekuwa bapa kama mbao. Kwa kipimo cha 1 hadi 70 ilipewa 10. Ikauzwa kwa dola 1,265,000, na ikawa senti ya kwanza kuvuka dola milioni moja mnadani.

Sababu iko ukingoni. Senti za miaka ile zilikuwa na ukingo wenye maandishi au ukingo laini. Hii ina mistari midogo midogo kuzunguka ukingo, kama sarafu za fedha. Zinazojulikana duniani hazizidi kumi na chache, na hakuna hata moja iliyobaki nzuri. Hiyo ya 10 ndiyo bora kuliko zote. Mtu anayeitaka hana pengine pa kwenda.

Miezi minane kabla yake, Januari 2009, senti ya 1793 yenye tawi la majani matatu chini ya kichwa, ambayo Wamarekani huiita ya jani la stroberi, iliuzwa kwa dola 862,500. Daraja lake lilikuwa 12. Zinajulikana nne tu. Ukiitazama picha yake bila kuambiwa kitu ungeipita sokoni bila kugeuka nyuma. Mimi naona rekodi hizi mbili ndizo zenye maana kuliko ile ya dola milioni mbili na nusu, kwa sababu zinaonyesha kile hasa watu hawa wanakilipia. Kung'aa ni bahati. Ile mistari ya ukingoni na lile tawi ni ushahidi wa jambo lililofanyika siku moja, katika chumba kimoja, likaachwa.

Iliyojificha vizuri zaidi

Mihuri yote ya mwanzo ilikatwa kwa mkono. Fundi alichonga kichwa, akagonga herufi moja moja, akagonga tarakimu. Kwa hiyo hakuna mihuri miwili inayofanana, na kila jozi ya mihuri ilizaa aina yake. Mwaka 1794 peke yake una aina makumi kadhaa. Mwaka 1869 Dkt. Edward Maris, tabibu wa Philadelphia, alizitazama moja baada ya nyingine akazipa majina kama mtu anayewapa watoto wake: Kidevu Maradufu, Uso wa Mapenzi, Nywele zenye Ngao, Kichwa chenye Kovu. Majina mengi yanatumika hadi leo.

Moja ya 1794 ilikuwa na siri. Kuzunguka ukingo wa upande wa nyuma, katikati ya meno madogo yanayopamba mzingo, kuna nyota 94 ndogo sana. Kwenye senti iliyotumika kidogo tu zinafutika, na kwa miaka zaidi ya 80 hakuna aliyeandika kuziona. Katika miaka ya 1870 kijana wa Philadelphia, Henry Chapman, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wauzaji wakubwa wa sarafu Marekani, ndiye aliyeziona. Ile ya Husak iliuzwa mwaka 2008 kwa dola 632,500, bei ileile hasa ya AMERI. yake, katika mnada mmoja. Mkusanyo wake wote, senti 301, uliingiza dola milioni 10.7.

Inayotafutwa kwa muda mrefu zaidi

Kwa anayekusanya senti kwa mwaka mmoja mmoja, 1799 ndio ukuta. Ndio mwaka mgumu kuliko yote, na ugumu wake, inavyosimuliwa, ulichochea ukusanyaji wa sarafu nchini Marekani. Joseph Mickley, fundi wa Philadelphia aliyetengeneza vinanda na fidla, alizaliwa mwaka 1799. Akiwa kijana alitaka tu senti moja ya mwaka wake wa kuzaliwa, jambo dogo la kawaida. Haikupatikana. Aliitafuta katika chenji za watu, akaitafuta kwa majirani, na katika kutafuta akaanza kuokota miaka mingine, na mingine, mpaka akawa na mkusanyo ambao wageni walisafiri kuja kuuona. Tarehe 13 Aprili 1867 wezi waliingia nyumbani kwake wakachukua sehemu kubwa ya sarafu zake za kigeni. Huitwa baba wa ukusanyaji wa sarafu Marekani, na anastahili.

Ugumu huohuo ulileta walaghai. Senti ya 1798 ikichongwa tarakimu ya mwisho kidogo inageuka 1799, na wengi wamedanganywa hivyo. Dawa yake ni ile ile ya mihuri: senti za 1799 zina aina mbili tu, kwa hiyo mjuzi haanzi na tarakimu. Anatazama herufi ya mwisho ya LIBERTY iko umbali gani na nywele, jani fulani linaelekea herufi gani, kisha ndipo anarudi kwenye mwaka. Kama majani yanasema 1798, tarakimu isemavyo haina uzito. Senti bora ya 1799 iliuzwa Septemba 2009, katika mnada uleule wa ukingo wa mistari, kwa dola 977,500.

Mwaka 1804 nao una bandia zake, lakini hizo zina asili ya kushangaza zaidi. Mnamo 1860 hivi, mihuri mibovu yenye kutu iliyotupwa na kiwanda iliangukia mikono ya watu binafsi. Muhuri wa 1803 ulibadilishwa tarakimu ukawa 1804, ukaunganishwa na muhuri wa nyuma wa 1820, na senti zikapigwa ili wenye pengo kwenye 1804 wapate cha kujazia. Anayejua muundo wa miaka ile hawezi kudanganyika hata sekunde moja, maana upande wa nyuma si wa zama zake. Hata hivyo zinauzwa, kwa jina lake halisi, na watu wanazinunua.

Na kuna mwaka mmoja ambao mkusanyaji hapaswi kuutafuta. Kutoka 1793 hadi 1857 senti kubwa zina tarehe ya kila mwaka isipokuwa 1815. Visahani vya shaba vilikuwa vikitoka Uingereza, vingi kwa Matthew Boulton wa Birmingham, na vita vya 1812 na Waingereza vikakata njia. Akiba ikaisha. Mtu akikuletea senti ya 1815, mshukuru, umrudishie.

Kipimo kilichosambaa kuliko vyote

Karibu kila sarafu inayopimwa leo na kampuni za kupima za Marekani, iwe ya Kichina au ya jana, hupewa namba kati ya 1 na 70. Watu wengi wanaosoma namba hiyo hawajui kwamba ilizaliwa kwa ajili ya senti za shaba peke yake.

Aliyeibuni ni William Herbert Sheldon, mwanasaikolojia aliyezaliwa 1898, mtu yuleyule aliyegawa miili ya binadamu katika aina tatu na kudai kwamba umbo linaonyesha tabia. Nadharia hiyo ya miili haikusimama. Ya senti ilisimama. Mwaka 1949 alichapisha kitabu kilichozipa namba aina za senti za 1793 hadi 1814, kikarekebishwa mwaka 1958 kwa jina la Penny Whimsy, na namba hizo ndizo wakusanyaji wanazotumia mpaka leo. Humo ndimo alimoeleza kipimo chake. Senti iliyolika kabisa, inayotambulika kwa taabu, ni 1. Iliyo kamili bila dosari ni 70. Na namba haikuwa daraja tu, ilikuwa bei: kama senti ya daraja la 1 ina thamani ya dola moja, basi ya 20 ni dola 20, ya 60 ni dola 60. Soko liliuvunja mlinganyo huo baadaye, kwa sababu watu walizidi kulipa nyingi kwa zilizo bora. Bei ikajitenga, namba ikabaki. Chama cha wakusanyaji wa Marekani kiliipokea miaka ya 1970, kisha kampuni za PCGS, mwaka 1986, na NGC, mwaka 1987, zikaipeleka dunia nzima.

Lakini watu wa shaba wenyewe hawakubaliani na kampuni hizo, na ugomvi wao una maana. Kampuni hutoa namba kubwa zaidi. Wanachama wa Early American Coppers hupima kwa hatua mbili. Chukua senti ya 1794. Ishike ukingoni, kamwe usiweke kidole usoni mwake, kwa kuwa jasho la kidole linaandika kwenye shaba na haliondoki. Ipeleke chini ya taa moja, uigeuze taratibu ili mwanga utembee juu yake. Tazama nywele za juu ya sikio na zile za karibu na paji la uso, maana ndizo zilizoinuka na ndizo zinazoanza kulika. Kama umbo lote lipo lakini nywele zimekuwa bapa, uko kwenye 4. Kama nyuzi kubwa zimetengana, uko kwenye 12. Kama karibu kila uzi unaonekana isipokuwa ncha, umefika 40. Kutoka 60 kwenda juu, sarafu haijawahi kulipia kitu. Hiyo ni hatua ya kwanza, ukali wa umbo.

Hatua ya pili ni kutoa. Uso una vitundu vya kutu kama ngozi ya limau? Toa. Kuna mkwaruzo shingoni, kibonyeo ukingoni, rangi ya kijani imeingia kwenye herufi? Toa. Senti yenye umbo la 30 lakini uso wenye vitundu inaweza kubaki 12. Anayetoka nje ya chama akiona hesabu hiyo huona ukatili. Mimi naiona ni uaminifu, maana shaba ni madini yasiyosamehe: unyevu, chumvi, karatasi mbaya, droo ya mbao, vyote vinaacha alama. Zile chache zilizobaki na rangi yake ya mwanzo, nyekundu ya shaba mpya, hupewa jina la pekee kwenye cheti, zikifuatiwa na nyekundu-kahawia, kisha kahawia tupu. Tofauti ya rangi pekee inaweza kuongeza bei mara kadhaa.

Aliyetengeneza kipimo, na aliyekisaliti

Ukimtaja Sheldon kwa kipimo chake, ni haki umtaje kwa jambo la pili.

George Clapp wa Pittsburgh, mmoja wa waanzilishi wa kampuni iliyokuja kuitwa Alcoa, alitajirika kwa aluminiamu lakini moyo wake ulikuwa kwenye shaba. Katika miaka ya 1940 aliikabidhi mkusanyo wake wa senti taasisi ya American Numismatic Society ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1858, ili wasomi wautumie. Sheldon alikuwa msomi nambari moja wa fani hiyo. Aliachiwa atazame trei kwa nafasi yake. Akawa anachukua senti nzuri za Clapp na kuweka mahali pake senti zake za aina ileile, zilizo duni zaidi. Nani angebisha? Aina ilikuwa sahihi. Hesabu ilikuwa sahihi. Na mtu wa pekee mwenye jicho la kugundua tofauti alikuwa ni yeye.

Mwaka 1972 aliuza mkusanyo wake kwa mkusanyaji mmoja wa California, akafa mwaka 1977. Ukweli ulitokeza kwa picha. Senti za Clapp zilikuwa zimepigwa picha kabla ya kufika New York, na wapenzi wachache wenye subira walipozilinganisha moja moja na zilizokuwa kwenye trei, zaidi ya mia moja hazikuwa zenyewe. Kila senti ya zamani ina mikwaruzo na madoa yake, na hayo hayafanani kwa senti mbili. Kesi ilifika mahakama za California miaka ya 1990, na taasisi ikashinda. Ni mmoja wa wizi mkubwa katika historia ya fani hii, na kwa maoni yangu ndio unaouma zaidi, kwa sababu umefanywa na mtu aliyewafundisha wote wengine kutazama.

Zilizopatikana nyingi kwa mpigo

Rekodi hizi nazipita haraka. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe pipa dogo la senti mpya za 1816 hadi 1820 lilipatikana, inavyosimuliwa, chini ya jukwaa la stesheni ya reli huko Georgia. Ndizo zinazoitwa hazina ya Randall, na ndizo zinazofanya leo senti mpya ya 1820 iwe ndani ya uwezo wa mtu wa kawaida. Nyingine ni mfuko wa senti kama 1,000, nyingi za 1796 na 1797, uliotunzwa karibu na Salem, Massachusetts, na kugawanywa na David Nichols mnamo 1863. Salem ni mji uleule ambao wafanyabiashara wake walikuja Zanzibar na vitambaa vya marekani wakarudi na pembe na sandarusi, katika zama zilezile senti hizo zilipokuwa zimelala mfukoni bila kuguswa.

Ndogo kuliko zote

Marekani haijawahi kuwa na sarafu ya thamani ndogo kuliko nusu senti. Mwaka wake mgumu ni 1796, zilipotolewa 1,390 tu, na kati yake kuna aina ambayo fimbo ya kubeba kofia ya uhuru haipo. Bora yake iliuzwa mwaka 1996 kwa dola 506,000. Januari 2014 nusu senti ya 1811 yenye rangi yake ya asili ilifika dola 1,121,250.

Kwangu, nusu senti inayovutia zaidi haina rekodi ya bei. Mwaka 1795 kiwanda kiliishiwa shaba, kikanunua vipande vya shaba vilivyotumika kama chenji ya dukani, vya kampuni ya Talbot, Allum & Lee ya New York iliyofanya biashara na India. Vilikuwa na mchoro wa meli. Vilikatwa duara, vikapigwa chapa upya. Ukipata nusu senti ya 1795 au 1797 ya aina hiyo, uigeuze kwenye mwanga: nyuma ya shada la majani utaona mstari wa tanga, au herufi mbili tatu za jina la kampuni ambazo chapa mpya haikuzifuta.

Mkusanyo kamili kuliko wote

Aliyefika mwisho wa safari hii ni Dan Holmes wa Cleveland. Mnada wa Septemba 2009 uliotajwa hapo juu mara mbili ulikuwa wake. Alikuwa amekamilisha aina zote za senti za mwanzo zilizopewa namba na Sheldon, na kupata nyingi kati ya zile adimu kabisa ambazo Sheldon aliziweka kando kwa herufi NC, maana yake haziwezi kukusanywa kwa kuwa ni chache mno. Kisha akaziachia ziende kwa wengine.

Senti hizi za Philadelphia ziko mbali na sisi, lakini shaba kongwe tunayo. Kwenye masanduku ya Unguja, Mombasa na Bagamoyo bado kuna pesa za Sultani Barghash za mwaka 1299 Hijria, zenye mizani upande mmoja, kuna za Kampuni ya Waingereza ya 1888 na za Wajerumani zilizofuata. Nyingi zimeharibiwa na wenyewe kwa nia njema, zikasuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka zikang'aa kama kijiko kipya. Ukiwa nayo moja, usiisugue. Usiipake kitu. Iweke mahali pakavu, ndani ya karatasi isiyo na asidi, uipige picha pande zote mbili ukiwa na mwanga mzuri, na uandike nyuma ya picha uliipata wapi na kwa nani.